Ndala ya Benedikta kwenye Foleni ya Kura

Ukimuuliza Felisita Magese kazi yake atakujibu kuwa ni mkulima, maana Kasoli kila mtu ni mkulima, hata fundi cherehani na hata katekista. Lakini pita pale kijijini mwezi wa saba. Utamkuta barazani pa ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mbele ya mizani, miwani imemshuka puani, akiita kwa sauti: "Gunia hili la nani? Mwenye gunia asogee!" Amekuwa karani wa mizani kwa miaka kumi na tisa. Hakuna mkulima aliyewahi kusema kwamba Felisita alimpunja hata nusu kilo ya pamba, na jambo hilo yeye hulitaja mwenyewe bila aibu, kwa kuwa ni kweli.

Alizaliwa Nassa, upande wa ziwani, binti wa mvuvi. Akaolewa Kasoli akiwa na miaka ishirini na mmoja, akaja na godoro, ndoo mbili, na sauti iliyozoea kushindana na mawimbi. Mumewe amekwisha kufariki. Anaishi na mama mkwe wake, Benedikta, ajuza wa miaka themanini na ushei ambaye bado anachuma pamba, na ambaye amepiga kura katika kila uchaguzi tangu mwaka 1965. Kila uchaguzi, isipokuwa mmoja. Aliyemzuia katika huo mmoja ni Felisita.

Ili kuelewa ilikuwaje, ni lazima kwanza ujue foleni ya pamba. Kasoli foleni ya pamba haisimamwi. Mtu anakuja alfajiri, anaweka gunia lake nyuma ya gunia la mwisho, kisha anakwenda zake: kuchota maji, kukamua ng'ombe, kuchuma mstari mwingine. Mstari ukisogea, anayefuata husukuma gunia la mwenzake kwa goti, pamoja na lake. Ambaye mzigo wake haujafika, labda punda kagoma njiani, huweka jiwe, kikapu au kiatu. Kitu kikiwepo, mtu yupo. Zipo nchi za mbali ambako mtu akifika kwenye duka la mkate huuliza nani wa mwisho, akishaoneshwa huenda kukaa kivulini bila wasiwasi. Zipo nyingine ambako usiposimama umebanana na mgongo wa mwenzako, umepoteza nafasi. Kila watu wana namna yao ya kusema nimefika. Watu wa Kasoli husema kwa kitu, na mlinzi mkuu wa desturi hiyo, kwa miaka kumi na tisa, ni Felisita.

Kiti cha udiwani kilipobaki wazi, ukaitishwa uchaguzi mdogo, ukaangukia katikati ya msimu wa pamba. Felisita aliteuliwa kuwa karani mwongozaji, yaani yule anayepokea wapiga kura na kupanga mstari. Ilikuwa mara yake ya nne. Alikwenda Bariadi kwenye mafunzo, akala kiapo, akarudi na kizibao na kijitabu cha maelekezo alichokisoma mpaka kona zikakunjika. Msimamizi wa kituo alikuwa Mwalimu Athanasi, mstaafu mpole anayeandika kwa mwandiko wa ubaoni. Kituo chenyewe kilikuwa pale pale kwenye ghala. Mizani ikafunikwa turubai, meza zikapangwa, sanduku la kura likakaa pale yanapokaa magunia.

Asubuhi watu walikuwa wachache, wengi walikuwa mashambani. Kuanzia saa saba wakaanza kumiminika. Benedikta alifika saa nane, kanga yake ina vinyuzi vya pamba.

"Mayu, njoo upite mbele," Felisita akamwambia. Mayu ndilo jina la heshima ambalo Wasukuma humwitia mama. "Wazee hawapangi foleni."

"Mzee nani?"

"Utaratibu unaruhusu, mayu."

"Unaruhusu wagonjwa. Mimi nimetoka kuchuma pamba. Nitapita kwa zamu yangu."

Akavua ndala ya mguu wa kulia, ya bluu, akaiweka nyuma ya kikapu cha jirani yake Elina, akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta. Wengine wakafanya hivyo hivyo. Mbele ya ghala lile mikono na miguu yao ilijua la kufanya kabla ya vichwa. Felisita aliona, na hakuona ajabu yoyote.

Askari aliyelinda kituo alikuwa mgeni, kijana mwenye adabu. Aliona watu wameketi pembeni. Maelekezo yake yalisema watu wasikusanyike eneo la kituo, akawaomba wasogee. Wakasogea hadi ng'ambo ya barabara, kwenye mashine ya kusaga. Kisha akaona mstari una mapengo.

"Zibeni mapengo hayo! Sogeeni mbele!"

"Afande, hapa pana watu," alisema Marcelo, kijana wa bodaboda, aliyekuwa nyuma kabisa.

"Wako wapi? Mimi naona kikapu."

"Ndiyo huyo."

Watu wakacheka, lakini amri ni amri. Waliosimama wakavipita vile vitu, vikabaki mkiani: vikapu, mawe, kigoda, ndala. Vitu kumi na kimoja.

Saa kumi jioni ikafika. Sheria inasema kituo kinafungwa, ila aliyekwisha kuwa kwenye mstari atapiga kura. Askari anasimama nyuma ya mtu wa mwisho, na atakayekuja baada yake amechelewa. Kumtambua huyo wa mwisho ni kazi ya karani mwongozaji.

"Karani, wa mwisho nani?" askari akauliza.

Felisita alitazama mstari. Alimwona Marcelo. Nyuma ya Marcelo aliiona ndala ya bluu.

"Mama, nasubiri," askari akasema. "Mimi nasimama nyuma ya mtu. Siwezi kusimama nyuma ya ndala."

Kijitabu kilikuwa mfukoni, naye alikijua kwa moyo. Kilisema mpiga kura wa mwisho aliye kwenye mstari. Hakikusema kitu chochote kuhusu vitu.

"Foleni ni ya watu," Felisita akasema. "Wa mwisho ni Marcelo."

Walipomwona askari amesimama, wale wa ng'ambo walikuja mbio. Benedikta alikuja wa mwisho, mguu mmoja peku.

"Nimefika saa nane, ng'wanone," alimwambia Felisita. Mwanangu, alimwita, kama anavyomwita nyumbani. "Umeniona."

"Nimekuona, mayu."

"Basi?"

"Basi saa imepita," Felisita akasema.

Ajuza akainama, akaokota ndala yake, akaivaa, akaondoka na wenzake kumi. Hakugeuka.

Jioni, Mwalimu Athanasi akijaza fomu ya taarifa ya kituo, alifika kwenye mstari wa matukio yasiyo ya kawaida. Akainua kalamu. "Hapa tuandike nini, Felisita?"

"Andika hakuna."

Akaandika hakuna, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni.

Benedikta hakumlaumu hata siku moja. Angemlaumu ingekuwa nafuu. Alikula ugali aliopikiwa, akasifia mlenda, akauliza habari za mizani. Ila kila asubuhi Felisita aliisikia ile ndala ikipiga sakafu, pa, pa, kuelekea mlangoni. Na alipokuwa barazani akiita gunia la nani hili, na mwenye gunia akaja akihema kutoka mtoni, na yeye akampimia bila swali, kitu kilimchoma. Gunia alikuwa analiamini, na mama mkwe wake hakumwamini.

Mwaka uliofuata ikaja barua. Tume ya Uchaguzi ilikuwa inatathmini chaguzi zilizopita na kukusanya maoni ya maboresho, mkoa kwa mkoa. Watendaji wa vituo walialikwa Bariadi, pamoja na vyama, viongozi wa dini, na watu wenye ulemavu. Kutoka Kasoli waliitwa wawili, Felisita na Mwalimu Athanasi.

Mwalimu alimfuata mizanini. "Tugawane. Mimi nitazungumzia taa na meza. Wewe zungumzia mafunzo, siku ziongezwe."

"Mimi nitazungumzia ndala, Mwalimu."

Athanasi alitazama huku na huku kama mtu aliyeona mbwa wa mwenzake amefunguka. "Ile tuliandika hakuna."

"Ndiyo maana."

"Felisita, utajiharibia. Karani aliyesema mbele ya Tume kwamba alirudisha watu, nani atamwita tena? Mara nne umevaa kizibao kile. Na mimi je? Mwandiko ni wangu."

"Mwandiko ni wako. Neno ni langu. Nitasema hivyo."

Alisema kwa ujasiri, lakini usiku ule hakula vizuri. Kile kizibao kilikuwa fahari yake. Binti wa mvuvi aliyeishia darasa la saba, akisimama mlangoni na watu wazima wakimwuliza wapite wapi: si jambo dogo. Kusema ukweli kulikuwa ni kukivua kwa mikono yake mwenyewe.

Asubuhi Benedikta alimkuta akifunga mkoba.

"Mwangaluka, mayu," Felisita akamwamkia.

"Mwangaluka. Unakwenda kuwaambia?"

Felisita akashtuka. Hakuwa amemwambia chochote. "Nakwenda, mayu. Ila kura yako hawawezi kuirudisha."

"Nani kaomba irudishwe? Kura haina kiporo. Ile imekwisha. Waambie tu sisi tunavyopanga, maana hawajui." Akavua ndala ya mguu wa kulia, akaipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akaisukumiza ndani ya mkoba. "Watu wa ofisini wanapenda ushahidi."

Ukumbi wa Bariadi ulikuwa umejaa. Walikuwepo watu kutoka Busega, Itilima, Maswa, na mzee mmoja wa Kimali kule Meatu aliyekuja na fimbo yake ya kuchungia. Afisa wa Tume alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Jenipha, mwenye daftari nene na sauti ya upole. Alianza kwa kueleza kazi yenyewe, na Felisita, ambaye alidhani maoni ni maoni, alijifunza jambo.

"Mtakayosema nitayaweka kwenye makabati matatu," alisema Jenipha. "La kwanza ni sheria. Sheria hatuitungi sisi. Tunachambua, tunaandika ushauri, tunaupeleka serikalini, na Bunge ndilo linaloamua. La pili ni kanuni. Hizo nazo zina njia yake na zinachukua muda. La tatu ni maelekezo ya vituoni. Hayo ni yetu. Tukijiridhisha, tunabadilisha wenyewe. Kwa hiyo msichoke. Kila jambo lina kabati lake."

Watu wakasema. Mzee wa Kimali alieleza kwamba mwezi wa kumi wafugaji wanakuwa mbali wakifuata malisho, wanapiga kura wapi? Jenipha akaandika, akasema, "Hilo ni la kabati la kwanza, baba. Tutalishauri." Mwingine akasema juu ya ngazi za majengo, mwingine juu ya ukubwa wa maandishi. Mwalimu Athanasi akasema juu ya taa.

Felisita akanyoosha mkono.

"Naitwa Felisita Magese, natoka Kasoli. Nilikuwa karani mwongozaji. Katika uchaguzi mdogo niliwarudisha watu kumi na mmoja ambao walifika mapema. Mmoja wao ni mama mkwe wangu."

Akaenda hadi nyuma ya ukumbi, akaitoa ndala mkobani, akaiweka sakafuni nyuma ya kiti cha mtu wa mstari wa mwisho. "Huyu hapa," akasema. "Ana miaka themanini na ushei. Amefika saa nane."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata Jenipha alifunika mdomo kwa daftari. Felisita aliwaacha wacheke, kama anavyowaacha watu wa mizani wamalize utani. Walipotulia akaeleza yote: magunia, goti linalosukuma, mashine ya kusaga, mapengo yaliyozibwa. Hakumlaumu askari. "Yeye ni mgeni, alifuata alichoambiwa. Mimi ndiye niliyejua. Na kwenye fomu tukaandika hakuna tukio. Neno hilo lilitoka kinywani mwangu."

Bundala, wakala wa chama kimoja, alisimama haraka. "Mheshimiwa afisa, hili ni hatari! Mtu mmoja mwenye pesa ataleta ndala hamsini, saa kumi inafika, ndala hamsini zinadai wenyewe. Tutakuwa tumefungua duka la viatu!"

Kicheko tena. "Jibu hilo, mama," alisema Jenipha, na kalamu yake ilikuwa imekwisha kugusa karatasi.

"Ndugu Bundala amesema kweli," Felisita alijibu. "Hata kwenye pamba kuna wajanja. Ndiyo maana sisi gunia lisilo na mwenyewe tunaliita mara tatu, kisha tunalitoa nje. Siombi ndala ipige kura. Naomba mtu anapofika, karani aangalie kitambulisho chake na kumpa namba mkononi. Mtu mmoja, namba moja. Uwekwe ubao wa kukalia ndani ya eneo, aonekane. Saa kumi ikifika, askari asitazame miguu, atazame namba. Hapo ndala hamsini za Ndugu Bundala zitarudi nyumbani peku."

Mzee wa Kimali alipiga fimbo sakafuni. "Mwanamke huyu anajua kuhesabu ng'ombe!" alisema, na kwa mfugaji hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Halafu Mwalimu Athanasi akasimama. Felisita aliinamisha macho.

"Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi," alisema polepole. "Mwandiko ni wangu. Mama huyu amesema kweli tupu, na mimi nilipaswa kusema kabla yake. Nimezungumzia taa. Nafuta taa. Andikeni hili."

"Taa tutaziacha, Mwalimu," alisema Jenipha. "Na hili nimeliandika." Akamgeukia Felisita. "Hili ni la kabati la tatu. Lakini sikuahidi kitu leo. Tutalipima na yaliyosemwa mikoa mingine. Huenda kwingine kuna kitu kama hiki, huenda hakuna. Sawa?"

"Sawa. Hata sisi hatupimi gunia kwa macho."

Ikapita miezi saba. Kisha wakaitwa tena, ukumbi ule ule, kuthibitisha rasimu ya taarifa. Mambo mengi yalikuwa yameandikwa kwa lugha ya kuashiria kusubiri: inashauriwa, inapendekezwa, itafanyiwa utafiti zaidi. La mzee wa Kimali lilikuwa humo, miongoni mwa ushauri wa sheria, na mzee aliuliza litafika lini. Jenipha akasema hilo linaamuliwa na Bunge. "Basi nitakuja tena," alisema, akaketi.

Jenipha alifungua sura ya maelekezo, akasoma. Mpiga kura aliyefika kabla ya muda wa kufunga, na ambaye hawezi au hapendi kusimama, atapewa namba yenye muhuri wa kituo na nafasi ya kukaa ndani ya eneo la kituo, naye atahesabiwa kuwa yuko kwenye mstari. Akainua macho. "Tulidhani ni la Kasoli. Kumbe kuna mahali wanaweka ndoo, mahali wanaweka matofali. Hakuna aliyekuwa ameliandika kwenye fomu."

Jioni Felisita alimsomea Benedikta ukurasa huo, sentensi kwa sentensi, akiugeuza Kisukuma. Ajuza alisikiliza mpaka mwisho.

"Ndala yangu haimo?"

"Haimo, mayu. Wameandika namba."

"Hata jina lako?"

"Hata langu."

"Ni vizuri," Benedikta akasema. "Kitu kikiandikwa jina la mtu, wengine hudhani si chao. Wabeja, ng'wanone." Asante, mwanangu. Kisha akaomba karatasi ile, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake, mahali anapoweka mambo yaliyokwisha kuthibitika.

Mwalimu aliyesema Felisita hataitwa tena alikosea. Ilipofika zamu nyingine ya kupiga kura aliitwa, na kwenye mafunzo mkufunzi alipofika kwenye kipengele cha namba, alisema kinatokana na maoni ya wananchi. Felisita alikuwa mstari wa pili. Mwalimu Athanasi, kando yake, alimgusa kiwiko, lakini Felisita alikaza macho ubaoni kama mwanafunzi.

Siku ya kura, barazani pa ghala, uliwekwa ubao mrefu ndani ya kamba. Kati ya wale kumi na mmoja, tisa walikuja. Mmoja alikuwa amehamia Meatu na ng'ombe wake, na mwingine, Elina wa kile kikapu, walikuwa wamemzika wakati wa mvua. Felisita aliwahesabu kimya kimya, na alipofika kwa Elina alisita kidogo kabla ya kuendelea.

Benedikta alifika saa nane, kama ada yake. Felisita akaangalia kitambulisho chake, ingawa walikuwa wamekunywa uji pamoja asubuhi, akampa namba hamsini na tatu. Ajuza aliigeuza huku na huku, akaifumbata kiganjani, akaenda kukaa kwenye ubao kama mtu aliyekaribishwa kwake.

Kisha akainuka tena. Akarudi mkiani mwa mstari, akavua ndala ya bluu ya mguu wa kulia, akaiweka chini nyuma ya mtu wa mwisho.

"Mayu," Felisita alisema, "namba unayo. Ndala haina kazi."

"Najua," alijibu Benedikta. "Lakini na yenyewe imesubiri sana."

Kijana aliyekuja kupanga nyuma yake akaiona. Mstari uliposogea aliisukuma taratibu kwa mguu, naye akisogea. Na karani mwongozaji wa Kasoli, ndani ya kizibao chake, hakumkataza.